Sukuma ya Dakika Ishirini

Ijumaa, 17 Novemba

Leo nimenyoosha mkono mbele ya ukoo mzima.

Mama Mkubwa Ozella, dada ya marehemu mama yangu, alituita kwake baada ya chakula cha mchana. Ana miaka themanini na tano na vidole vimejikunja kwa baridi yabisi. Akasema Alhamisi ijayo, Sikukuu ya Shukrani, hatapika sukuma wiki. Hawezi tena. Atakayepika ikawapendeza watu ndiye atakayechukua sufuria lake kubwa, na sukuma ya kila sikukuu itakuwa mikononi mwake.

Wote wakamgeukia binamu yangu Verlene. Naye akaanza kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki yule. Ndipo nikanyoosha mkono.

Vichwa vikageuka. Kisha kicheko. Mjomba Rufus ilibidi ashike meno yake ya bandia yasidondoke. Verlene akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama siku hizi barafu nayo inapikwa.

Niandike hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza: miaka kumi na moja naleta barafu. Wenzangu wanaleta makaroni ya jibini, mkate wa mahindi, pai ya viazi vitamu. Mimi, Lemuel Gaddis, mwanamume wa miaka hamsini na sita, naambiwa, "Lem, wewe lete barafu. Na sahani za karatasi." Yote kwa sababu mwaka mmoja nilitia zabibu kavu kwenye saladi ya viazi. Zabibu! Sikutia sumu. Mtu wa barafu katika ukoo huu hana neno mezani. Anafika, anamimina, basi.

Mama Mkubwa akawanyamazisha. Akasema tulete wote wawili, watu waonje. Akanitazama kidogo. Nadhani alinikonyeza. Au ni lile jicho linalomsumbua.

Jumamosi, 18 Novemba

Mpango umekamilika! Verlene huinjika sukuma asubuhi akaiepua jioni. Huiacha motoni kwa muda wa saa tano au sita, kisha anajisifu jinsi mgongo unavyomuuma. Mimi nitaipika dakika ishirini. Nimenunua presha kuka. Kubwa, inang'aa, ina vitufe kumi na vinne.

Nimejaribu fungu moja leo. Shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, kitunguu, pilipili, siki kidogo. Nikafunga, nikabonyeza. Ikapiga mluzi. Nikajificha nyuma ya friji. Ikatulia.

Jamani! Majani laini, mchuzi mweusi, mnono. Mke wangu Maxine alikula bakuli zima akipangusa kwa mkate wa mahindi, huku akidai anaonja tu. Akasema si mbaya. Maxine akisema si mbaya, watu wengine wangepiga vigelegele.

Tatizo moja. Kupika ilikuwa dakika ishirini, lakini kuosha lile fungu moja ilikuwa dakika arobaini na tano. Sukuma ya kwetu inabeba mchanga wa nusu ya Alabama. Unaosha jani jani, mbele na nyuma, unamwaga maji, unarudia. Alhamisi tutakuwa watu arobaini na mmoja. Nahitaji mafungu thelathini. Nimepiga hesabu mara mbili na mara zote mbili nimekaa chini.

Jumapili, 19 Novemba

Kanisani. Verlene alinisubiri mlangoni na kofia yake ya manyoya. Akasema amesikia nimenunua mtambo, na eti unaendeshwa kwa leseni gani. Wamama wa kwaya wakaangua kicheko. Nikamwambia acheke wiki hii, Alhamisi atakuwa na mdomo umejaa. Halikuwa jibu zuri. Nililipata zuri baadaye, garini.

Mama Mkubwa akanishika mkono baada ya ibada. Akaniambia presha kuka haimsumbui, moto ni moto. Lakini kuosha hakuna njia ya mkato. Yeye huosha mpaka akipitisha kidole gumba ndani ya sinki, chini kabisa, asisikie hata chembe ya mchanga. Maji saba. Wakati mwingine tisa. Nikamwambia ndiyo, mama. Kichwani nilikuwa mbali.

Kwa sababu nilikuwa nimemsikia shemasi mmoja akisimulia kwenye maegesho. Shangazi yake, alisema, alikuwa akiosha sukuma ya harusi nzima ndani ya mashine ya kufulia nguo. Maji baridi, mzunguko wa nguo nyororo, bila sabuni. Kila mtu huku amewahi kusikia habari ya mtu aliyefanya hivyo. Mtu mwenyewe ndiye haonekani.

Sasa ataonekana.

Jumanne, 21 Novemba

Mafua yamenikamata. Matundu yote mawili ya pua yameziba kama yametiwa saruji.

Nimenunua mafungu thelathini kwa mzee anayeuzia garini kando ya barabara. Majani mapana, yamepigwa baridi ya wiki iliyopita, na baridi ndiyo inayoyapa utamu. Akaniuliza nina watu wangapi wa kunisaidia kuosha. Nikamwambia sina hata mmoja. Akavua kofia, kama mtu aliyepitiwa na jeneza.

Mjomba Rufus kapiga simu. Anataka kujua kama nitaleta na barafu pia, iwapo mambo yataharibika. Nikamkatia.

Jumatano, 22 Novemba

Nimefaulu! Nimefaulu mchana kweupe!

Maxine yuko kazini hospitalini mpaka jioni, kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu. Nimekata vikonyo vyote. Nimetia majani kwenye foronya na kufunga ncha. Kwanza nimepangusa mashine kwa kitambaa safi, mimi si mshenzi. Nikaangalia mahali pa sabuni ya unga: patupu. Maji baridi. Nguo nyororo. Nikabonyeza, nikavuta kiti, nikatazama kupitia kioo. Foronya zinazunguka taratibu, kijani kibichi kikipenya kwenye kitambaa, zinapendeza. Verlene saa hiyo ameinamia sinki analia mgongo! Nikala sandwichi.

Yametoka safi! Nimepitisha kidole gumba. Hata chembe! Na yamekamuliwa tayari. Mizunguko mitatu, kazi imekwisha. Kisha presha kuka, awamu baada ya awamu, mpaka masufuria mawili yamejaa. Nimeonja. Kwa mafua haya sisikii ladha yoyote, lakini pilipili imenichoma vizuri na mchuzi umeteleza kooni kwa ulaini ambao sijawahi kuukuta. Nikajisemea, huo ndio ufundi.

Maxine amerudi amechoka. Amesimama mlangoni, akasema leo jiko linanukia kama mashuka mapya. Nimemshukuru. Amenitazama kidogo, akaenda kulala.

Alhamisi, 23 Novemba. Sikukuu ya Shukrani

Naandika nikiwa nimejifungia chooni kwa Mama Mkubwa. Kuna mtu anagonga. Asubiri.

Masufuria mawili yaliwekwa mezani bega kwa bega, langu na la Verlene. La Verlene lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufumwa. Watu wakasimama, sala ikasomwa, ndefu, Mjomba Rufus akiwataja hata waliokufa kabla sijazaliwa. Kisha Mama Mkubwa akapewa mwiko ili akoroge na kuonja wa kwanza, kama desturi.

Akakoroga langu. Mchuzi ukatoa povu.

Akakoroga tena. Povu likapanda. Jeupe, zuri, lenye viputo. Kimoja kilipaa, kikapita mbele ya macho ya Verlene, kikapasuka.

Mama Mkubwa, kwa kuwa ni mtu wa heshima zake, akachota kijiko na kutia mdomoni. Akatafuna polepole. Akasimama. Akatema kwenye leso, akaikunja mara nne. Kisha akauliza lile swali ambalo huku likiulizwa mezani mpishi ameshakwisha: "Nani ameosha hii sukuma?"

Nikasema ni mimi. Akauliza nimeiosha kwa kitu gani.

Kwa kitu gani! Nikaeleza. Yote. Foronya, maji baridi, nguo nyororo. Niliapa sikutia sabuni hata punje. Ndipo Maxine akafunika uso kwa viganja. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pembeni ya mahali pa sabuni kuna kisanduku kingine, na kila jioni yeye hukijaza dawa ya kulainishia nguo ili asubuhi isimpotezee muda. Dawa yenyewe ni ya maua ya lavenda. Nayo hutoka yenyewe kwenye maji ya mwisho.

Mjomba Rufus, ambaye hakungoja ruhusa na alikuwa na sukuma yangu shavuni, akasema kumbe ndiyo maana anajisikia kama foronya. Verlene akasema walau ukoo mzima ungetoka hapa bila makunyanzi. Nikatamani ardhi ipasuke. Nilitaka kuzika barafu, sasa nimejizika mwenyewe.

Halafu Mama Mkubwa akaanza kucheka. Kwanza mabega tu. Kisha akashika meza. Akacheka mpaka akakalishwa kitini, machozi yanamtiririka, anapunga leso hewani akituomba tuache, ilhali hakuna aliyekuwa anafanya lolote. Watu wakageuka kumtazama. Tangu mumewe alipofariki mwezi wa nne hatujamsikia akicheka. Hata mara moja. Nikaona aibu na nikaona furaha, vyote pamoja, sikujua nianze na kipi.

Sukuma ya Verlene ililiwa mpaka sufuria likabaki linang'aa. Ni tamu. Nimeandika. Sitaandika tena. Sufuria kubwa amepewa yeye, naye akalipokea akilia, na kwa mara ya kwanza niliamini machozi yake.

Baadaye Mama Mkubwa aliniita jikoni. Nilijua nakwenda kukabidhiwa mifuko ya barafu ya maisha. Akaniambia la, mwanangu, barafu ataleta Rufus. Mwaka ujao, Jumatano ya kuamkia sikukuu, nije mapema nisimame naye kwenye sinki. Vidole vyake haviwezi ila mdomo unaweza. Akasema yeye na mama yangu waliosha sukuma pamoja miaka arobaini, mama upande wa kushoto, na kila walichoambiana cha maana maishani waliambiana pale, mikono ikiwa majini. Habari za mama ambazo sijawahi kuzisikia ziko pale. Hawezi kuzisema harakaharaka. Zinataka jani jani.

Nikafuta macho kwa mkono wa shati. Nimesema ni mafua. Ndiyo maana niko chooni.

Ijumaa, 24 Novemba

Maxine amenikabidhi bisibisi, nimetoa majani yaliyotoroka foronya kwenye bomba la mashine asubuhi nzima. Sare yake ya kazi ina jani mfukoni. Hanisemeshi, ila mara mbili nimemsikia akicheka peke yake chumbani.

Nimekaa nikafikiri kwa kina. Sasa nimeelewa. Haraka ndiyo iliyoniponza. Nimepewa nafasi kwenye sinki, upande wa mama yangu, na siwezi kuichezea. Nataka zile habari zote, kila moja. Mashine ya kufulia sitaigusa tena maishani. Naandika na naweka sahihi: Lemuel Gaddis.

Alasiri nimepita kujaza mafuta. Pembeni wamefungua mahali pa kuoshea magari, papya kabisa. Unaingiza gari, linavutwa lenyewe, brashi kubwa laini zinashuka kila upande, maji mengi. Nimesimama nikatazama magari sita. Ni dakika kumi kila gari, polepole, na walio ndani wanaonekana wametulia ajabu.

Nikawaza miguu ya Mama Mkubwa. Saa nne nzima amesimama kwenye sinki, kwa umri ule? Si ukatili huo? Majani yakifungwa vizuri kwenye wavu juu ya paa la gari, na yeye amekaa kiti cha mbele, vioo vimepandishwa, blanketi mapajani, ananisimulia habari za mama bila haraka yoyote. Tukizunguka mara saba ni maji saba! Mara tisa kama ana mengi.

Ubao wa mlangoni umeandikwa: maji, sabuni, maji, nta ya kung'arisha, upepo. Nimemuuliza mwenye mahali kama sabuni inaweza kuzimwa. Amesema inazimika bila shida. Nimelipia ile Jumatano nzima ya mwaka ujao.

Nta sikuuliza.