Spika Zangu na Sakafu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Spika zimefika! Kila moja nzito kama friji, na chini zina miiba ya chuma. Muuzaji anasema miiba ndiyo inayosafisha sauti. Mama mkwe kasafiri kwa dada yake mpaka Alhamisi, na kaacha agizo: nikichora mstari mmoja tu kwenye sakafu ya mbao aliyoipigilia marehemu mumewe kwa mikono yake, spika zinarudi dukani. Shemeji, mdogo wake mke wangu, akajitolea kunisaidia kubeba. Nikakataa katakata. Anaimezea mate kona ya sebule ninayotaka kuziweka, aweke televisheni yake. Namjua!

Jumanne, 5 Machi
Mbinu: taulo lililopakwa sabuni chini ya spika, kisha nasukuma taratibu. Akili hiyo! Spika ikateleza vizuri hadi karibu na kona. Taulo likabaki nyuma. Mkwaruzo, urefu wa kijiko. Nikaupaka rangi ya viatu ya kahawia. Kumbe nimeshika kopo la nyeusi. Sasa kuna jongoo kalala sebuleni. Shemeji akapita, akainama, akauliza kama nimeanza ufugaji.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kagundua. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akafungua miiba yote, akakata blanketi kuukuu la sufu, akabandika vipande chini ya spika. Mimi na shemeji tukainyanyua spika moja, tukaitua juu ya jongoo. Haonekani! Shemeji kaapa kunyamaza, kwa sharti kwamba mechi zake zote zisikike kwenye spika zangu. Nimekubali huku roho inaniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe karudi. Akavua viatu mlangoni, akafumba macho, akaanza kuipapasa sakafu kwa unyayo, ubao baada ya ubao. Huwa hafanyi hivyo kwa mzaha. Hatua moja kabla ya spika, unyayo ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukasimama tena. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Akaniita, baba njoo uguse hapa. Nikagusa. Kashimo kadogo. Mungu wangu, si kangu! Akaeleza kuwa ndipo nyundo ilipomponyoka marehemu siku aliyomaliza kazi, na kila akitoka safari hukatafuta kabla hata ya kunywa maji. Alihofia nimekafunika. Basi, akasema, spika zikae.

Ahueni niliyoipata! Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka hata kukiri yote. Mke wangu akanifinya.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelala usingizi wa mtoto. Ila bila miiba sauti imefifia, mwimbaji kama kajifunika shuka. Nimerudisha miiba. Safari hii sikurupuki: nimezinyanyua mwenyewe kwa jeki ya gari, na chini ya kila mwiba nimeweka kisahani chembamba cha kaure, kutoka seti ya vyombo vya harusi ya mama mkwe. Mbao haziguswi kabisa! Mama mkwe huyo anakuja kuketi. Ngoja nimfungulie wimbo wenye besi nzito.