Hotuba ya Kukabidhi Ufunguo wa Nyumba Nambari Kumi na Nne, Mtaa wa Mapipa

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Ellernburg, waheshimiwa wajumbe wa Baraza, mlio macho na mnaosinzia, Mchungaji wa kanisa la sokoni, Mwenyekiti wa Bendi ya Matarumbeta, makamu wake, na makamu wa makamu wake, akina mama wa kamati ya keki ya plamu, wadau wote, na wewe Bi Ottilie Kranewitt, mwenye nyumba: kama kuna niliyemruka, alete malalamiko kwa nakala tatu, nitayapokea mwenyewe na kuyahifadhi vizuri. (Makofi.)

Mimi, Gotthelf Zwirner, Mkuu wa Idara ya Majengo ya Kale, niliyefika Venisi mara mbili, na Paris nikapita kwa treni bila kushuka lakini nikaona vya kutosha, nasimama mbele ya nyumba iliyojengwa mwaka 1563 na mtengeneza mapipa Jobst Hammel, kwa nguzo za mwaloni na udongo uliokandwa na mabua, ghorofa ya kwanza ikatokeza juu ya barabara, ya pili ikatokeza zaidi, hata jirani wa ng'ambo akawa anaomba chumvi kwa kunyoosha mkono dirishani. Imeokoka moto mkubwa, majeshi manne, na mjomba wake Bi Ottilie aliyekuwa akivuta kiko darini kwenye nyasi kavu. (Kicheko. Upepo unavuma, nyumba inapepea kidogo upande wa kushoto.) Msihofu. Nyumba za kale hupumua.

(Bi Ottilie: "Gotthelf, ufunguo! Nina miaka themanini na miwili. Kumi na mmoja nimelala kwa dada yangu, na dada yangu anakoroma kama trekta.")

Subira, mama, tuko kwenye utangulizi. Miaka kumi na mmoja iliyopita, ndugu zangu, Bi Ottilie alileta ombi la kubadilisha boriti moja iliyooza juu ya jiko. Moja! Mtu wa kawaida angeita seremala. Lakini nyumba hii imo kwenye orodha ya urithi, na ubao ulio kwenye orodha haupigwi msumari kabla umri wake haujajulikana. Idara yangu ikaanzisha upembuzi yakinifu na shirikishi, ikaitoboa boriti ile na kuhesabu duara za mti ndani yake, kila duara mwaka mmoja. Ikawa ya mwaka 1562. Lakini je, ya pembeni yake? Tukatoboa. Na ya pembeni ya ile ya pembeni? Tukatoboa. Matobo elfu nne mia nane na kumi na moja, rekodi ya jimbo zima! (Matarumbeta.) Na kila nguzo iliyolegea kwa kutobolewa tukaing'oa kwa heshima zote, tukaipa namba, tukaipeleka ghala la nyaraka, ambako inatunzwa kwenye unyevu wa asilimia hamsini na tano, hali ambayo mimi na mke wangu hatujawahi kuipata.

(Seremala Lampert Uhl, kutoka nyuma: "Sasa kilichobaki nini, bwana wee?")

Kilichobaki ni mkakati, Bwana Lampert! Mkakati endelevu wa awamu saba! Tathmini inaonyesha kuwa asilimia tisini na saba ya watalii hupiga picha nyumba hii kuliko nyingine yoyote mtaani, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. (Njiwa anajaribu kutua dirishani, anateleza, anaondoka amekasirika.)

(Bi Ottilie anasimama: "Mimi silali kwenye mkakati! Nataka chumba nilichozaliwa. Nataka ile ngazi ya tatu inilalamikie nikiikanyaga, kama ilivyomlalamikia mama. Mama yako mwenyewe nilimfundisha kufuma soksi, Gotthelf. Nipe ufunguo nikafie kwangu!")

Mniwie radhi. Leso, tafadhali. Mimi ni mtu wa serikali lakini nina moyo. Pokea, mama. Wa shaba, umechongwa upya kwa mfano wa ule wa kale. (Makofi marefu; mama mmoja anadondosha keki.) Semeni nami: Urithi wetu! (Fahari yetu!) Boriti moja! (Mafaili mia!)

Nimalizie kwa shukrani. Nakishukuru kiwanda cha maturubai kilichochapa picha hii ya nyumba kwa ukubwa wake halisi, na madirisha, na maua, na yule paka mnayemwona dirishani, kikaifunga kwenye mabomba ya jukwaa la ujenzi ili wageni wasione kiwanja kitupu. Nakishukuru kibali cha kuijenga upya, ambacho kingetolewa haraka sana kama kungekuwa na mtu aliyekiomba. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Lampert, seremala wa mradi, ambaye hatukuwahi kumwita.

(Bi Ottilie anatafuta tundu la ufunguo kwenye mlango uliochapwa. Halipo. Anaichomeka ncha ya ufunguo kwenye turubai, anachana hadi chini, anaingia. Sauti yake kutoka kwenye magugu: "Lampert! Jiko lilikuwa hapa. Njoo na futi!" Seremala anavua koti. Bendi inamfuata, kisha akina mama wa keki, kisha Meya.)

Ndugu zangu! Fomu bado! Zimesalia kurasa tisa! Jamani... basi angalau panguseni viatu, mnaingia nyumbani kwa mtu.