Damu ya Mtani

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku njema. Nimeteuliwa kushika bango!

Matembezi ya hisani ya kuchangia wagonjwa wa saratani ni Jumamosi, kutoka Mkuyuni hadi viwanja vya Furahisha. Mgeni rasmi atatembea mbele kabisa. Nyuma yake, bango la kitambaa. Kona ya kulia ya bango, mimi, Mashimba, mwenye duka la misumari na saruji. Kona ya kushoto, Muhidin wa magodoro. Hilo la Muhidin si zuri, lakini bango lina kona mbili na kwa sasa sina la kufanya.

Mwezi ujao umoja wa wenye maduka wa Mkuyuni unachagua mwenyekiti. Muhidin anautaka uenyekiti. Mimi sijasema nautaka. Nimesema tu kwamba wakinilazimisha sitakimbia. Picha moja na mgeni rasmi itasema mengine.

Jioni Mwalimu Sabina, katibu wa matembezi, akaja kuharibu. Aliwahi kuugua saratani ya matiti akapona, na tangu hapo hakuna anayethubutu kumkatalia kitu. Akatangaza kwamba wanaume wote wa mstari wa mbele lazima wawe wamepima tezi dume, wawe mfano kwa wengine. Kipimo ni bure, Alhamisi, zahanati. Asiye na kadi ya kupimwa atatembea nyuma na kwaya.

Nikasema ndiyo Mwalimu, jambo jema sana. Nimerudi nyumbani nikitafuta kisingizio.

Jumanne, 22 Oktoba

Sipimi. Ukimchunguza sana bata, humli. Na mimi sitaki kuwa bata.

Mwalimu Sabina anasema ni damu tu, kama kijiko cha chai. Damu ndiyo yenyewe! Nikiona sindano naanguka. Wakati wa chanjo nilimwangukia muuguzi, tukavunja meza.

Mke wangu Dorotea amefurahi kupita kiasi. Anasema naamka usiku kwenda msalani kuliko mtoto mchanga, na kwamba amenisihi nipime mpaka amechoka. Baba Winnie, akasema, nikiona plasta kwenye mkono wako, nachinja kuku. Dorotea ni Mkerewe. Akisema kuku, ni kuku.

Basi natakiwa niwe na kadi, plasta na kuku, bila sindano. Nimefikiri asubuhi nzima. Mteja kaondoka na saruji badala ya rangi.

Saa nane nikavuka barabara kwa Luhende, fundi baiskeli. Luhende ni Mnyamwezi wa Sikonge, kwenye asali, kwa hiyo ni mtani wangu mimi Msukuma. Tangu afungue kibanda chake hajawahi kuniambia neno nikaliamini, wala mimi kumwambia akaliamini. Mwaka jana aliwatangazia wateja wangu kwamba nimefariki. Watu walikuja na viti vya msibani. Mimi nikamtangazia kwamba nyuki wake wa Sikonge wamehamia kwa Msukuma kwa sababu ya njaa. Kwa sheria ya utani hakuna kununa.

Ni mjane, watoto wake wako Tabora. Hana wa kumuuliza amekula nini, seuze amepima nini. Anajisifu kwamba hajawahi kumeza kidonge. Nikamwomba Alhamisi, jina langu likiitwa, yeye ndiye asimame.

Alicheka mpaka pampu ikamponyoka. Akasema Wanyamwezi wamebeba mizigo ya watu wengi tangu enzi za misafara, lakini kumbebea Msukuma damu yake ni mzigo mpya. Akataka samaki, sato mkubwa wa kuchoma kutoka soko la Mwaloni, na ugali wa kumzidi sato.

Tumekubaliana. Mimi ni mtu mwenye akili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Imefanikiwa! Kwa shida.

Nilijiandikisha mwenyewe, jina langu na simu yangu. Nikakaa benchi la nyuma. Muuguzi akaita Mashimba. Luhende akainuka taratibu kama chifu.

Tatizo ni kwamba hakujibu kama tulivyopanga. Muuguzi akamuuliza anafanya kazi gani. Akasema anauza misumari iliyopinda. Akamuuliza kama ana tatizo lolote nyumbani. Akasema ndiyo, mke wake anampiga kwa mwiko kwa sababu anamaliza michembe ya watoto, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Foleni nzima ikacheka. Muhidin na wengine wanaonijua walikuwa wameshapimwa na kuondoka, nashukuru.

Kisha sindano ikaingia kwenye mkono wa Luhende, mimi nikaanguka.

Nilipozinduka muuguzi alikuwa ananinywesha maji ya sukari. Akamsifu Luhende kwa ujasiri, akaniambia niige mfano wa ndugu yangu Mashimba.

Nje Luhende alinikabidhi kadi, na nyumbani nilibandika plasta ya duka. Dorotea aliitazama, akanishika mkono, akasema ahsante. Kuku alikuwa mtamu, ila nilimla harakaharaka.

Jumamosi, 26 Oktoba

Matembezi. Niandike kwa ufupi, miguu inauma.

Nilivaa viatu vipya vyeusi kwa ajili ya picha. Kosa. Mwalimu Sabina alivaa raba na alitembea kama anadai mtu. Nyuma yetu bendi, kwaya, wanafunzi, mama lishe, bodaboda waliozima injini na kusukuma. Watu wengi kuliko nilivyotegemea. Wengine walibeba picha za marehemu wao, wakatembea kimya.

Luhende alikuwa kando ya barabara juu ya baiskeli, akitufuata toka mwanzo. Akapaza sauti kwamba jamani, mtazameni huyo Msukuma, ameambiwa mbele kuna mnada wa ng'ombe. Mgeni rasmi aligeuka kutazama ni nani. Nilitabasamu kwa heshima.

Mjini kati hapakuwa na shida. Tulipokaribia Kirumba, upepo wa ziwa ukaingia kwenye bango. Bango likawa tanga. Muhidin ni mzito, anauza magodoro lakini analala vizuri pia. Yeye alibaki chini. Mimi nilikwenda bango lilikotaka, kwanza kwenye mtaro, kisha kwa mpiga tarumbeta wa bendi. Mpiga picha alipiga wakati huohuo.

Jumapili, 27 Oktoba

Picha imetumwa kwenye kundi la wenye maduka. Mgeni rasmi yuko vizuri. Muhidin yuko vizuri, meno yote. Upande wa kulia, bango limesimama wima na chini yake vinaonekana viatu vyeusi.

Muhidin ameandika pongezi kwa wote, na hasa kwa viatu.

Luhende amekula sato wake mpaka macho. Ametaka kuongezewa ugali.

Jumanne, 29 Oktoba

Leo zahanati wamenipigia.

Muuguzi alisema taratibu kwamba kipimo cha damu yangu kimepanda kuliko kawaida. Si lazima iwe saratani, akasema, lakini nisikae. Niende hospitali kubwa, daktari aniangalie zaidi.

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. Niliwaza duka nimwachie nani. Niliwaza Muhidin akizungumza kwenye msiba wangu, tena akizungumza vizuri. Nilianza kulia kidogo kwa ajili ya Dorotea.

Kisha nikakumbuka. Si damu yangu!

Niliruka. Nilifungua soda ya baridi, nikamwonyesha mteja mmoja jinsi wazee wanavyocheza ngoma kwetu Magu. Nikatoka mlangoni kupunga upepo. Ng'ambo ya barabara Luhende alikuwa ameinama, anajaza tairi upepo, anapiga mluzi.

Soda ikanishinda.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimemwambia. Asubuhi tu, kabla hajafungua.

Amecheka. Akasema ya msiba wangu wa mwaka jana ilikuwa nzuri zaidi, mimi sina kipaji. Akawaita vijana wa bodaboda akawaambia Msukuma amemtafutia ugonjwa, sasa wamsaidie kutafuta jeneza, liwe pana, Mnyamwezi ana kifua.

Nikaapa. Akataka niape kwa ng'ombe. Nikaapa kwa ng'ombe! Akacheka zaidi.

Saa sita nilirudi nimevaa tai ili aone nina maana. Akaniuliza nani kafa, au ni yeye?

Saa tisa nikajaribu akili. Nikamwambia kuna sato mwingine, mkubwa kuliko yule, aende tena hospitali kwa jina langu. Akasema sato wa Mwaloni wataisha kabla sijakua mtu mzima, safari hii nitoe damu yangu.

Saa kumi nikampigia muuguzi, nikampa Luhende simu. Alisikiliza mpaka mwisho, ndiyo dada, ndiyo dada, nashukuru. Akanirudishia. Akasema huyo dada nimempa nini, anaigiza vizuri sana, nimpeleke redioni.

Nimemaliza maneno. Kama kungekuwa na kitu kimoja tu ambacho nimewahi kumwambia kikawa kweli! Nimejaribu kukumbuka. Hakuna.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimekaa mlangoni nikimtazama badala ya kuuza. Ameacha baiskeli ya mteja mara nyingi kwenda kujisaidia nyuma ya kibanda, na anachelewa kurudi. Nimemuuliza. Anasema ni chai niliyompa asubuhi.

Anahitaji kuambiwa na mtu asiye mtani. Nimepitia wote. Mwalimu Sabina: nitanyang'anywa kadi mbele ya watu. Muhidin: bora nife mimi. Muuguzi: hajui hata kwamba kuna Luhende. Nimebaki na Dorotea, ambaye ndiye niliyemdanganya kuliko wote na kula kuku wake.

Niliahirisha mpaka baada ya chai. Kisha mpaka baada ya wateja. Kisha Luhende akaenda tena nyuma ya kibanda, akarudi ameshika ukuta.

Nimemwambia Dorotea kila kitu, nikimtazama kiatu.

Hakunigombeza. Hiyo ndiyo mbaya. Alijifunga kitenge, akavuka barabara. Dorotea hana utani na Wanyamwezi, na sijawahi kumsikia akifanya utani na mtu yeyote. Aliongea akiwa amesimama, maneno machache. Luhende alianza kucheka. Akamtazama. Akaweka pampu chini.

Amefunga kibanda mchana. Mara ya mwisho alifunga mchana siku alipomzika mkewe.

Dorotea aliporudi alitoa hukumu. Mwalimu Sabina ataambiwa leo. Uenyekiti nisahau. Kila siku Luhende atakapokwenda hospitali, nitakwenda naye, nitabeba chakula, na nitakaa mpaka mwisho. Nikauliza hata siku za mzigo wa saruji? Akaenda kutafuta hotpoti.

Ijumaa, 15 Novemba

Hospitali tena, majibu ya kile kinyama walichomkata ili kukipima. Nilibeba hotpoti ya Dorotea.

Daktari ni kijana mpole. Akasema ni saratani ya tezi dume, bado ndogo, haijatoka ilipo. Matibabu yapo na yataanza wiki ijayo. Akasema wanaume wengi humfikia wakiwa wamechelewa, huyu amewahi. Akauliza nani alimshauri kupima. Luhende akaninyooshea kidole. Nikarekebisha kola.

Luhende akamuuliza daktari kama ugonjwa ulioandikishwa kwa jina la Msukuma hauwezi kutibiwa kwenye mwili wa Msukuma. Daktari hakuelewa. Nilicheka peke yangu. Macho yakaniwasha sana, zile dawa za kusafishia sakafu.

Kwenye ngazi Luhende aliniambia kwamba tangu leo nikimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuangalia kwanza, lakini atatoka. Kisha akasema hotpoti ibebwe na Msukuma mpaka nyumbani, zamu ya Wanyamwezi imekwisha.

Muhidin amekuwa mwenyekiti jana. Magodoro yamepiga kura.

Jumapili, 17 Novemba

Mambo yanageuka!

Habari imesambaa Mkuyuni, na imesambaa vizuri. Wanasema Mashimba aliona dalili kwa rafiki yake, akajua ni mkaidi, akamfanyia hila ya sato mpaka akapima. Wanasema Mashimba amemwokoa mtu. Mzee mmoja amenisimamisha kanisani kunishika mkono. Sikumsahihisha, si vizuri kubishana na wazee.

Mwalimu Sabina anajua ukweli wote. Ila amesema hadithi hiyo imewaleta wanaume zahanati kwa foleni, wengine wamekuja na viti vyao, kwa hiyo ataiacha itembee. Jumamosi kuna matembezi mengine, Kisesa. Ameniomba nizungumze na wanaume kuhusu ujasiri. Jukwaani, kiti cha mbele, karibu na mgeni rasmi. Kipaza sauti changu mwenyewe. Muhidin hakualikwa.

Halafu, akasema, mbele ya watu wote muuguzi atachukua damu yangu. Kwenye mkono wako, Mashimba. Alisema mkono wako mara mbili.

Nimekubali papo hapo. Dorotea amefurahi, anapiga pasi shati jeupe. Luhende anasema hata kama matibabu yatamchosha atakuja, amebebwa au amefungwa kwenye baiskeli, hawezi kuikosa siku hiyo. Hotuba nimeshaimaliza, ni nzuri, inaanza na neno ujasiri na kuishia nalo. Nimempa Mwalimu Sabina nakala, ili likitokea lolote mwingine aisome.

Malaria yangu itaanza Ijumaa jioni.