Jinsi Shivachi Mnoa Visu Alivyochagua Unga wa Kumfikisha Nakuru

Naapa kwa meno yangu machache yaliyobaki, naapa kwa goti langu la kushoto linalotabiri mvua kuliko redio, ya kwamba haya nitakayowasimulia ni kweli tupu, kweli mbichi, kweli isiyotiwa chumvi hata ya kuonja. Basi sogeeni, enyi wapangaji wa Gatwekera, enyi wauza maji wa Mashimoni, nanyi mliotoka Kawangware kwa miguu mkidai mnapita tu. Mwenye sufuria motoni aishushe, mwenye mtoto mkorofi amkalie, maana ninaleta habari za vita: vita vya mwaka wa tisini na tano, ambavyo havikumwaga damu ila jasho, siku zile Shivachi mnoa visu, nyati wa Kawangware, kituo cha basi cha Arobaini na Sita, bwana wa cheche, aliposimama mbele ya unga wa namna tatu akachagua mmoja.

Najua kuna anayeguna huko nyuma, anauliza kuchagua unga nako ni vita. Ngoja, rafiki. Ulizaliwa juzi.

Mwaka uliotangulia, Shivachi aliingia katika mbio za baiskeli za Jumatatu ya Pasaka, zile zinazotoka Kawangware hadi Nakuru. Aliondoka mbele ya majemadari wote, tumboni mkiwa na chai ya rangi na imani, basi. Akaupanda mlima wa Limuru kama moshi, akateremka Bonde la Ufa kama jiwe la kombeo, na alipokaribia Gilgil miguu yake ikaasi. Haikuvunjika wala haikuteguka. Iliasi tu, ikakataa amri kama jeshi lisilolishwa. Akaonekana ameketi kando ya lami akibishana na kibao cha barabarani. Lori la kabeji lililokuwa likitoka Ol Kalou likamhurumia, likampakia juu ya shehena pamoja na baiskeli yake, na hivyo ndivyo shujaa alivyorudi Kawangware, saa ile watu wamejaa barabarani kwa sikukuu, amelala fofofo na jani limemfunika uso.

Tangu siku hiyo jina alilopewa na babake likafutika duniani. Watoto walimwita Kabeji. Wateja walimwita Kabeji. Mchungaji alimwombea siku moja akiwa amefumba macho, akasema, "Bwana, mkumbuke mja wako Kabeji," na kanisa zima likaitikia amina kabla halijang'amua.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na msiba, kwa sababu Shivachi alikuwa amemposa Annet Nalianya, aliyeuza katika duka la dawa pale Arobaini na Sita, binti mpole wa sauti na mkali wa neno kama wembe uliotoka kwenye karatasi. Annet alimkalisha chini akatoa hukumu yake.

"Nakupenda, Shivachi, na hiyo sifichi mtu. Lakini siku ya harusi sitaimbiwa bibi ya Kabeji. Na watoto wangu wakienda shule wataitwa nani, sukuma wiki? Wewe nenda Nakuru na magurudumu yako, ufike, hilo jina life. Halafu tutaenda kwa mchungaji. Ukirudi na lori tena, pitia kwenu, usipitie kwangu."

Shujaa akavuka mabonde na mitaro, akaja hadi mlangoni pangu Gatwekera, akaniinamia.

"Mzee," akasema, "wewe umechochea bwela ya hospitali, lile tangi la mvuke, mpaka ukastaafu. Hebu niambie. Mwili si ni kama bwela?"

"Ni bwela tupu," nikamjibu, nikijisikia mrefu. "Na bwela haiendi kwa maombi, kijana wangu. Inataka makaa. Wewe shida yako haijawahi kuwa miguu, ni makaa. Tutafute unga wa kutia kwenye chupa, unywe ukiendesha."

Neno hilo likapaa kama moshi wa asubuhi, na wakaja mabingwa watatu na silaha zao.

Wa kwanza kufika alikuwa Annet mwenyewe, na boksi la glukosi, unga mweupe kama dhamiri ya mtoto mchanga. "Hii ndiyo wanapewa wagonjwa wakishindwa kuinuka," akasema. "Kama inainua mgonjwa, itamshinda mzima?" Akanikabidhi boksi nilitunze hadi siku ya majaribio, kwa kuwa nyumba yangu ina kufuli la kweli. Likalala kwangu wiki nzima.

Wa pili alikuwa Morris wa mitumba, kijana wa maneno mengi, aliyepata mkebe mkubwa katikati ya robota la viatu kutoka ng'ambo. Juu yake palichorwa mzungu asiye na shati, mapaja kama magogo ya mkaratusi, na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. "Buda," Morris akaniambia, "soma hii picha, wachana na maandishi. Hawa majamaa hawawezi chora mtu hivyo bure."

Wa tatu alikuwa Jael Aluoch, muuza uji wa Mashimoni, mama wa mikono mipana, na mfuko wa wimbi, mtama na omena iliyokaangwa, vyote vimesagwa pamoja. Harufu yake ilifika kabla yake. "Jaduong'," akasema, akiniita mzee kwa lugha ya kwao, akiuweka mfuko mbele yangu, "huyo kijana wako alikunywa chai ya rangi akataka kuvuka Bonde la Ufa. Hata punda angekataa. Mpe kitu yenye iliwahi kuishi."

Sasa, unga utapimwaje? Hapa hekima yangu iling'aa, nami sitaificha kwa unyenyekevu wa bure. Baiskeli ya Shivachi ndiyo kiwanda chake: akishaisimamisha kwa stendi, gurudumu la nyuma likainuka, mkanda huzungusha jiwe la kunolea, naye huendesha papo hapo asisogee hata hatua. Nikaamuru kwamba kwa alasiri tatu atakunywa unga mmoja mmoja, kisha atanoa mpaka miguu iseme. Nikapeleka mbiu kwa kina mama wa Gatwekera kuwa visu vitanolewa bure. Loo, walivyomiminika. Visu, panga, mashoka, makasi ya fundi cherehani, na bibi mmoja akaja na kijiko akisema hata hiki kina wajibu wake.

Alasiri ya kwanza ilikuwa zamu ya mkebe wa ng'ambo. Unga ulikuwa wa rangi ya waridi, ukachemka ndani ya maji baridi kama wenye hasira. Shivachi akaumeza wote, akapanda, na hapo, ndugu zangu, tukaona mambo. Jiwe liliimba. Cheche ziliruka mpaka mbwa wakahama. Panga zilipita mkononi mwake kama majani ya mgomba katika dhoruba, na Morris akawa anatembea huku na huko akisema, "Si niliwaambia? Si niliwaambia?" Kisha ghafla shujaa akasimama. Uso wake ukawa wa mtu aliyepokea barua kutoka mbali. Akashuka taratibu sana, akashika tumbo kwa mikono miwili, akauliza kwa heshima ni nani mwenye ufunguo wa choo.

Ufunguo alikuwa nao mlinzi wa ploti, na mlinzi alikuwa ameenda kuchota maji. Siwezi kueleza yaliyofuata mbele ya wanawake. Itoshe kusema kwamba alikimbia kwa kasi ambayo kama ingetumika Gilgil, tusingekuwa na kisa.

Alasiri ya pili, glukosi. Annet aliomba ruhusa kazini akaja amevaa gauni lake la kanisani, akasimama mahali ambapo Shivachi angemwona. Mimi, mtunza hazina, nikapima vijiko kwa mkono wangu nikakoroga katika maji baridi. Maji yakawa kama ya chokaa. Shivachi akanywa akimtazama mpenzi wake machoni, akapanda, akazungusha. Ole. Jiwe lilizunguka kwa uvivu wa mawazo ya Jumatatu. Akanoa kisu, akanoa cha pili, akabeua, akashika kifua. Chini ya chupa palibaki tope jeupe. Alipojaribu shoka, miguu ikalegea, akaning'inia juu ya usukani kama shati lililoanikwa.

"Labda imezeeka," nikasema kwa upole.

"Ilifika wiki iliyopita," Annet akajibu, bila kunitazama.

Alasiri ya tatu, unga wa Jael. Ulikuwa mzito, ulikwama shingoni mwa chupa, ikabidi Shivachi aibane kama anayekamua ng'ombe mkaidi. Nzi wa mitaa mitatu walihudhuria. Lakini alipoanza kuendesha hakupaa wala hakuanguka. Alikwenda tu, kama mvua ya Aprili, hana haraka, hana kituo. Visu vikaisha. Panga zikaisha. Wakaleta majembe. Jua lilipoanza kushuka, yule bibi akarudi na kijiko chake, na Shivachi akakinoa vilevile.

Kisha akashuka kutoka kwenye kiti. Mbele yake palikuwa na mkebe, boksi na mfuko. Huku amesimama Jael amekunja mikono, kule amesimama Annet, amerudi na gauni lile lile la kanisani, kanga begani. Enyi mnaosema kuchagua unga si vita, je, mmewahi kuchagua mbele ya mchumba? Jasho lilimtiririka kuliko lilivyomtiririka kwenye pedeli. Akanyoosha mkono kuelekea boksi, akaurudisha. Akamtazama Annet, akasema, "Nalianya, kama ni moyo, moyo ulichagua kitambo. Hii ni tumbo." Akaushika mfuko wa omena.

Kina mama wakapiga vigelegele. Annet akakunja kanga yake. "Umenikataa mbele ya watu na gauni la kanisa nimevaa," akasema kwa sauti ile ya upole. "Nimepoteza mshahara wa siku kukuletea dawa, wewe unachagua samaki. Endesha salama." Akaondoka kwa njia ya reli, asigeuke.

Hivyo shujaa akaenda vitani na omena kwenye chupa na jiwe moyoni. Na sikieni, alifika. Aliipita Naivasha akibana chupa, aliipita Gilgil akikitazama kile kibao bila kukisemesha, akaingia Nakuru waandalizi wakiwa wameshakunja utepe, nyuma ya mtu wa gunia la makaa ambaye hata hakuwa mshindani. Lakini aliingia kwa magurudumu yake. Kesho yake aliporudi, watoto wa Kawangware walimkimbilia wakimwita Nakuru, Nakuru, na Kabeji likafa siku hiyo, likazikwa bila sanduku. Na iandikwe basi katika kumbukumbu za mitaa hii miwili, Gatwekera na Kawangware, ifundishwe kwa vizazi, ya kwamba palikuwa na mnoa visu aliyeutambua unga wa kweli, na ya kwamba aliyesimamia mizani alikuwa mzee mmoja wa Gatwekera, mwadilifu, asiyependelea upande.

Tulikuwa tumeketi mlangoni pangu tukisherehekea, Jael na birika lake, Morris na maneno yake, Shivachi amenyoosha miguu mbele lakini hacheki, macho yako njiani. Na njiani akatokea Annet.

"Sijakuja kwa sherehe," akasema. "Mzee, nipe boksi langu. Kuna wagonjwa wanaoitaka."

Nikaingia ndani nikakawia. Nikatoka nalo nikamwambia pengine limeingiwa na unyevu, afadhali alitupe, nami ningemsaidia kulitupa. Lakini alikuwa amekwisha kumwona Shivachi, midomo imepasuka kwa upepo, mapaja yanatetemeka yenyewe, na ule wembe ukarudi kwenye karatasi yake.

"Hata pole hujapewa," akamwambia. "Kunywa hii, ya moto. Halafu nitaenda."

Akamimina unga kikombeni, Jael akamwagia maji yanayochemka, Annet akakoroga. Akakoroga tena. Mkono ukaanza kwenda polepole. Akainua kijiko, na kijiko kikainuka na kikombe.

"Glukosi ikiguswa na maji moto inapotea," akasema. "Hii imesimama."

"Hali ya hewa siku hizi," nikasema.

Jael akachovya kidole, akaonja, akanigeukia. "Hii ni unga ya ugali."

"Panya," nikasema. "Panya wa Gatwekera wanapenda utamu kupita kiasi. Naapa kwa—"

"Jaduong'," Jael akanikatiza, "huyo panya alilamba glukosi yote, sawa. Halafu akaenda kununua unga, akajaza boksi, akafunga?"

Morris alicheka mpaka akaanguka kwenye ndoo. Shivachi hakucheka. Alikuwa amesimama, amemgeukia Annet, na uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha.

"Kumbe sikuikataa yako," akasema. "Yako hata sijawahi kuionja."

Annet akaketi karibu naye kwenye benchi, akamfuta vumbi shavuni kwa ncha ya kanga. Kisha akaniambia, bila kuinua sauti, nivae koti.

Tukatembea wote hadi Kawangware Arobaini na Sita, mimi nimewekwa katikati kama mfungwa wa vita, na kila tulipopita Morris aliwaeleza watu sababu. Nikanunua boksi jipya katika lile duka la dawa, na kwa kuwa Jael alisema kesi ina gharama, nikanunua na la pili, na soda za mashahidi. Pesa zikahesabiwa mara mbili, maana neno langu siku hiyo halikuwa na thamani kaunta ile. Nikanyoosha mkono niwabebee mabosi wangu mizigo yao, kwa kuwa Shivachi amechoka na mimi bado nina nguvu.

Annet akayasogeza maboksi yote mawili upande wake.

"Asante, Mzee," akasema. "Hizi zitatembea na mimi."