Lori Lisilo na Pembe

Kijiji cha Ujamaa Jitegemee,
Bunda, Mkoa wa Mara.
2 Septemba 1974.

Kwa Ndugu Mchoraji wa Malori,
Kiwandani, Ng'ambo.

Kupitia kwa: Ndugu Mkaguzi wa Magari, Musoma. (Ndugu Mkaguzi, isome ukiwa umekaa, halafu ipeleke mbele. Stempu nimeshabandika.)

Ndugu Mchoraji,

Pokea salamu za watu wa Bunda, ambao hujawahi kuwaona, na hapo ndipo lilipoanzia tatizo lote.

Mimi ni Danford Magesa, dereva wa lori la kijiji. Usinione niko Bunda ukadhani sijatembea. Nilikuwaga Burma naendesha magari ya jeshi, Nairobi nimefika, na Mombasa nimefika mara mbili, moja nikiwa usingizini. Shule nilisoma hadi darasa la nne. La tano nililisikia kupitia ukutani. Kwa hiyo tunaongea watu wawili wa fani moja: wewe unachora gari kwa penseli, mimi nalichora kila siku kwa mgongo wangu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Lori ulilotuletea halina uso. Macho linayo, mdomo linao, lakini juu ya kichwa ni bapa kama meza. Siku lilipofika kutoka Mwanza, kamati ya kijiji ilikuja kulipokea, na kwetu kitu kikubwa kikiletwa nyumbani tunakikaguaga kama ng'ombe wa mahari. Mzee Mwikwabe, mwenyekiti wa kamati, alilizunguka, akalipapasa ubavu, akanitaka nilipandishe kilimani aone kama linachechemea. Kisha akasema, "Dereva, mfungue mdomo." Nikafungua boneti. Akachungulia weee, akauliza, "Huyu alizaliwa hana pembe, au mmemkata?" Wewe ungejibu nini? Mama Wankyo, kiongozi wa wakulima wa pamba, akamalizia: "Dume si dume, jike si jike. Pamba yangu haipandi mgongoni kwa kitu kisichojulikana." Lori likakataliwa kama ng'ombe wa mkwe bahili.

2. Hapo ndipo nikalazimika kufanya kazi uliyoiacha njiani. Wenzako watakwambia gari linachorwa ili likate upepo. Upepo wa huku hauna haraka hiyo, na kwa mashimo ya njia ya Butiama, hata upepo ungekuwa nayo, lori lisingeufikia. Gari linachorwa ili wenye nalo wakilitazama wajue ni la kwao. Basi nikachukua pembe za fahali tuliyemchinja Saba Saba, nikazifunga kwa boliti juu ya kabini. Nikalipaka mabaka ya kahawia na meupe, nikamwita Madoa. Ndugu yangu, watu wakaanza kumsalimia! Mama Wankyo mwenyewe alileta majani mabichi. Niliyapokea kwa heshima, nikayaweka kiti cha mbele.

3. Ndugu Mkaguzi (najua unasoma mstari huu) amekataa kulipitisha. Anasema pembe hazimo kwenye mchoro wa kiwanda, kwa hiyo zitoke, la sivyo lori halikanyagi barabara. Wanakijiji nao wanasema pembe zikitoka, pamba haipandi. Wakati huu pamba yote ya kijiji imejazwa darasani mpaka madirishani, na watoto wa Mwalimu Hyasinta wanasomea nje juani. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Mvua ikiwanyeshea watoto, watakauka. Ikiipata pamba chini ya bati lile linalovuja, jasho la mwaka mzima la watu limeoza. Hapa sifanyi mzaha.

4. Kwa hiyo ombi langu ni dogo tu. Chukua mchoro wako, ongeza pembe mbili, piga muhuri, mtumie Ndugu Mkaguzi. Na kwa kuwa penseli itakuwa bado mkononi, ongeza na nundu, maana ng'ombe wa huku wana nundu, nasi tutatunza humo maji ya rejeta. Ongeza mkia wa kufukuza vumbi. Honi ilie kama fahali. Hii ya sasa inalia kama karani mwenye mafua. Tangi la mafuta lishushwe katikati ya miguu ya nyuma, liwe na chuchu nne, tulikamue wenyewe.

5. Ukiona kazi ni ngumu, hamia huku. Kijiji kitakugawia kiwanja, jembe, na nafasi ya kutembea nyuma ya ng'ombe kutwa nzima. Ukirudi kiwandani wenzako watakuogopa. Utakula kwangu, mke wangu Marieta akikupikia sato, hata njia ya kwenu utaisahau.

Nisalimie mama watoto, wapaka rangi wote, na mlinzi wa getini. Msalimie pia yule aliyeweka ile boliti ya chini ya injini ambayo mkono wa binadamu haufiki. Mwambie huwa namtajaga.

Ni mimi wako, kwa usukani na kwa moyo,

Danford Magesa,
Dereva, na Mchoraji Msaidizi.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilikwenda na Madoa kwa Mzee Mwikwabe ili nimsomee barua hii. Nikaegesha karibu na zizi, nikapiga honi kidogo, ya kubisha hodi. Fahali wake, Jemadari, alikuwa na majike yake. Akainua kichwa, akaziona pembe. Huyo hakuuliza habari ya mchoro wa kiwanda. Alikuja kichwa chini. Pembe zetu zote mbili zikaruka, rejeta ikatoboka, Madoa akasukumwa mpaka mtaroni. Mzee Mwikwabe alicheka hadi akakaa chini. Mama Wankyo akaja, akamtazama Madoa asiye na pembe, anatiririka maji, katulia tuli, hana kisasi. Akasema, "Mbona hamkuniambia? Si dume, si jike. Huyu ni maksai. Maksai hapigani, maksai anafanya kazi."

Sasa hivi fundi Florian anaziba rejeta, na watu wanatoa pamba darasani wenyewe, wanaimba. Ndugu Mkaguzi, njoo upesi ulipitishe, kichwa bapa kama unavyopenda, kabla hawajalifunga nira.

Ndugu Mchoraji, futa pembe, futa nundu, futa na chuchu. Kumbe tangu mwanzo ulituchorea maksai. Si ungesema!