Dakika Moja ya Bulbul

Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Juni mwaka 2020, Rifaat, ambaye mtaa mzima wa Shubra ulimwita Bulbul, ndege mwimbaji, kwa utamu wa mdomo wake, alisimama mbele ya kliniki ya meno ya Daktari Wagih, akaitazama foleni, na moyo wake ukajaa furaha. Mashavu yaliyovimba yalikuwa mengi. Yaliyothubutu kuingia yalikuwa machache. Kila mgonjwa alimwogopa mwenzake kwa ajili ya Korona, na daktari aliwaogopa wote.

Shida yake haikuwa mchezo. Alasiri ile, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, alitakiwa afike kwa Haji Tawwab, mwuza mazulia, na dhahabu ya kumchumbia binti yake, Inshirah. Binti alimpenda, dhahabu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni makatoni ya chupa alizozijaza maji, mnanaa, na ile bluu ya kufulia nguo nyeupe.

"Daktari, mboni ya jicho langu!" alianza. "Mgonjwa akisukutua dawa hii kabla hujamgusa, virusi vya mdomoni kwisha! Sharti ni dakika nzima. Akitema mapema au akitamka neno, kazi bure."

"Dawa ya kweli hupunguza tu, tena kwa muda mfupi," alijibu Daktari Wagih, ambaye hakuwa mjinga, bali bahili, maradhi yasiyong'olewa kwa koleo. "Nayo imeadimika mjini. Hii yako imeidhinishwa?"

"Na wakubwa wa wanaoidhinisha, mheshimiwa!"

"Basi sukutua wewe mbele ya wagonjwa, watulie roho."

Kukataa kulikuwa sawa na kufunga duka. Bulbul akabugia.

Daktari akaitazama saa ya ukutani, kisha akakigeukia chumba cha kusubiri. "Mabibi na mabwana, huyu bwana ametuletea dawa yote hii sadaka, kwa ajili ya marehemu mama yake. Kama nasema uongo, anikatize sasa hivi!"

Macho yakamtoka Bulbul. Mama yake wakati huo alikuwa nyumbani, akimpigia pasi shati la uchumba. "Mmm! Mmmm!"

"Maskini, anamlilia mamake," alisema bibi mmoja, akijifuta machozi. "Usiteme, mwanangu, thawabu zitamwagika!"

Vigelegele vikapigwa. Dakika haikuwa imetimia, na makatoni yote yalikwishaingizwa ndani. Alipotema, alikuta watu wanagombea kumbusu kichwa licha ya hofu yao. Nani angeidai sadaka ya mama mbele ya umati ule? Kioo juu ya sinki kikamwonyesha na habari nyingine: meno yake yalikuwa ya buluu.

Alasiri Bulbul aliketi sebuleni kwa Haji Tawwab, mama yake kando, barakoa ameikaza kuficha meno, akieleza kwamba dhahabu bado iko kwa sonara. Haji naye alikuwa amejifunika barakoa. Sharbati ikaletwa. Kati ya wanaume wawili, hakuna aliyeigusa.

"Kunywa, mwanangu."

"Haiwezekani, Haji. Mkubwa kwanza."

"Mgeni kwanza!"

"Jamani, inapata moto!" alisema Inshirah. "Vueni nyote pamoja!"

Barakoa zikashuka. Midomo miwili ya buluu ikatazamana.

"Kumbe na wewe ulikwenda!" alinguruma Haji. "Wagih ametutoza kila mmoja wetu tuliofika adhuhuri, akasema dawa imetoka ng'ambo!"

"Ametoza? Mwizi yule!" Bulbul alisahau yuko wapi. "Mimi niliitoa sadaka, kwa ajili ya marehemu mama yangu!"

Haji akamgeukia mama yake Bulbul, aliyekuwa akimalizia glasi ya pili.

"Marehemu," alisema kwa heshima kuu, "karibu biskuti."

Kisha akaongeza uzito wa dhahabu maradufu, na safari hii akataka kuiona kabla hajasikia neno.

Wewe uliyesoma, msomee na jirani anayeumwa jino, naye amsomee mwingine. Na atakayeambiwa asukutue, aulize kwanza chupa imetoka wapi, kabla mdomo haujajaa.