Nilivyokikimbia Kinanda Changu Mwenyewe

Leo nimeumbuka. Jamani, nimeumbuka mbele ya mama mkwe! (Mkwe mtarajiwa. Kama bado anatarajiwa.)

Mnajua mimi ndiye mpiga kinanda wa misheni hapa Ifakara. Mnajua pia kwamba nina mikao mitatu tu ya vidole. Majina ya Kijerumani aliyonifundisha Padri yalinishinda, nikaiita Nyumbani, Jirani na Mtoni. Unakaa Nyumbani, unamtembelea Jirani, unarudi. Unakwenda Mtoni, unapitia kwa Jirani, unaingia Nyumbani. Wimbo umekwisha, watu wanapiga magoti. Miaka miwili sijapotea.

Asubuhi hii mama yake Filomena kavuka mto kwa mtumbwi kutoka Michenga, kuja kumwona anayemposa bintiye. Nikamwamkia pale benchi la mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe?" Akanitazama mikono. (Laini. Jembe halinijui.)

Nikasema leo nitampambia wimbo. Ubeti wa kwanza nikapiga kama kawaida. Wa pili nikachombeza vidole viwili vitatu njiani, na Filomena, aliyekuwa kwenye kwaya, akatabasamu. Basi kichwa kikavimba! Wa tatu nikatoka Mtoni, nikamruka Jirani, nikashika njia nisiyoijua. Nyumbani siioni. Kwaya inanifuata, sauti zinapanda, mishipa ya shingo imewatoka. Nikabonyeza juu, nikabonyeza tena, huku miguu inakanyaga kwa nguvu zote. Kinanda kikalia: ta-ta-raa! Ta-ta-raa!

Tarumbeta la askari wa boma la Wajerumani lile lile.

Tangu vita vya Maji Maji, nani husubiri kuuliza? Mzee mmoja nyuma akapiga kelele, "Askari! Wanakamata wapagazi!" Kanisa likamwagika, milangoni, madirishani, kote.

Na mimi nikakimbia.

(Ndiyo. Mimi mwenyewe niliyekipiga.) Niliruka benchi, nikampita mama mkwe mlangoni, nikawa wa kwanza kuingia kwenye mpunga. Nikalala kifudifudi topeni. Punde naye akaanguka kando yangu, anahema.

"Umewaona?" akanong'ona.

"Akina nani, mama?"

"Askari!"

Hapo akili ikanirudia. "Mama... hakuna askari. Ni kinanda."

"Kinanda kapiga nani?"

"Mimi."

Nikatamani tope linimeze. Mara mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka! Alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka majini.

"Baba yake Filomena aliwangoja wenye bunduki akiwa amesimama," akasema akifuta macho. "Hakurudi. Wewe unakimbia hata kinanda chako. Mwanangu hatakuwa mjane mapema. Mlete mshenga."

Basi wenzangu, nimepata mchumba kwa mbio, si kwa muziki. Kama lazima mcheke, chekeni kimyakimya: Padri bado ananitafuta.